Ukipotea uliza Norfolk: majibu ya barua zenu kuhusu Nesheno Thieta

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu Kenya National Theatre, ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza pale Harry Thuku Road, Nairobi, nikasema kama hujawahi kuingia basi mwaka huu usiishe kabla hujaingia, na hiyo mistari mitatu imeniletea barua nyingi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuandika kwa hii safu. Wengi mnauliza njia, wengine mnauliza kama ni mahali pa watu wa kawaida, na kuna mmoja ameniuliza swali zito ambalo limenikalisha usiku mzima nikifikiria. Nimechagua chache, zile ndefu nimezifupisha, na nawajibu vile ningewajibu tukiwa tumekaa pamoja kwa benchi.

"Habari dada. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili hapa Nakuru. Darasani tumesoma Mzalendo Kimathi na mwalimu akatuambia huo mchezo ulianzia hapo Nesheno Thieta. Tunataka kuja watu watatu, hakuna anayejua Nairobi, na tumetishwa sana na story za River Road. Tukifika tunafanyaje?" – Mwalimu mtarajiwa, Nakuru

Mdogo wangu, habari njema ni kwamba si lazima mfike River Road kabisa. Gari za kutoka Nakuru huingilia Waiyaki Way, zinapita Westlands, halafu kabla ziingie tauni, yaani katikati ya mji, zinapita Museum Hill. Hapo ndio mnashukia. Lakini msingoje mpaka muone makumbusho ndio muanze kupiga kelele "shukisha", mwambieni dereva mkiwa bado Nakuru mnakata tiketi kwamba mnashuka Museum Hill, na mumkumbushe tena mkifika Kangemi, manake siku hizi kuna madereva wakiona jam wanapanda Expressway juu kwa juu na mnaweza jikuta mmepita mahali penu mkipatazama kwa dirisha. Mkishashuka, tafuteni Harry Thuku Road, ile inapanda kutoka upande wa mto ilipo hoteli ya Boulevard. Panda nayo polepole. Mtapita KBC, lile shirika la utangazaji, halafu mbele kidogo mtaona hoteli ya Norfolk upande mmoja na thieta upande wa pili, zinatazamana. Kwa mguu ni kama dakika kumi, kumi na tano mkiwa na mabegi.

Na kama gari litawapeleka mpaka mwisho msiogope pia. Ombeni muonyeshwe Moi Avenue, mkishaipata ulizeni Jeevanjee Gardens, kila mtu anaijua, na kutoka Jeevanjee mnavuka University Way mnaingia Harry Thuku Road kwa upande wa juu. Simu weka ndani, begi weka mbele, na ukitaka kuangalia ramani ingia dukani uangalie ukiwa ndani. Hiyo ni tabia ya kila mtu anayetembea tauni, mimi pia hufanya hivyo na nimeishi Nairobi miaka mingi.

Sasa kuna kitu kimoja nataka mshike, na hiki ni cha wote mnaosoma. Ukiuliza makanga ama mtu wa bodaboda "Nesheno Thieta iko wapi", mara nyingi atakutazama tu, ama atakutuma sinema. Uliza Norfolk. Norfolk kila mtu anaijua, ilifunguliwa 1904 wakati Nairobi yenyewe ilikuwa mabati na matope kando ya reli, na tangu hapo haijapotea kwa midomo ya watu. Hili jambo linaniuma, kwamba nyumba ya sanaa ya nchi nzima lazima tuitafute kwa kutaja jina la hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, lakini ukitaka kufika kabla mchezo uanze ndio hivyo, uliza Norfolk kisha ukifika uipe mgongo.

"Assalam aleikum mwanangu. Mimi ni mzee wa miaka 68, nakaa Kisauni. Mjukuu wangu yuko kwenye kundi la kuigiza huko Nairobi na ameniambia atapanda jukwaa la hiyo thieta yenu. Nataka kuja na treni. Miguu yangu mizima alhamdulillahi, natembea. Nielekeze taratibu." – Babu, Mombasa

Waalaikum salaam mzee wangu, shikamoo. Kwanza hongera kwa mjukuu, kupanda lile jukwaa si jambo dogo na nitakwambia huko chini kwa nini.

Treni panda ya asubuhi. Hii naisema kwa mkazo kwa sababu ukipanda ya mchana utafika Nairobi giza limeingia na mjukuu ameshaigiza ameshamaliza, na ile ya usiku inakufikisha alfajiri ya siku nyingine, ambayo pia si mbaya kama shoo ni ya kesho yake na una mahali pa kupumzika. Ya asubuhi inakufikisha mchana. Lakini babu kumbuka SGR haikufikishi mjini, inakuacha Syokimau, na wengi hushtukia hapo. Ukishuka usikimbilie teksi, fuata watu wanaoelekea treni ndogo ya kuunganisha, hiyo inakupeleka mpaka stesheni ya zamani ya reli katikati ya mji, na hauli jam ya Mombasa Road.

Kutoka hiyo stesheni, kama miguu iko sawa kama unavyosema, mimi ningekuomba utembee. Ni chini ya kilomita mbili, tuseme nusu saa kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Reli ilifika hapa 1899 na mji wote ukaota kutoka hapo, kwa hivyo unaanza mahali Nairobi ilipoanzia. Shika Moi Avenue na usiiache, ni barabara moja tu. Zamani iliitwa Government Road. Utafika mahali kuna jengo la Kumbukumbu za Taifa, na karibu na hapo sanamu ya waziri Tom Mboya, simama kidogo, alipigwa risasi kwa hii barabara tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa. Endelea mbele mpaka uone miti, hiyo ni Jeevanjee Gardens, bustani ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi 1906. Kaa hapo upumzike, benchi ziko, na ukifika saa za mchana utakuta watu wamesimama duara wanabishana siasa na dini, na hakuna anayelipwa. Mimi huwa nasema hiyo pia ni thieta, na mtu akisimama pale lazima awe na sauti na awe na jambo.

Ukitoka Jeevanjee kuna kuvuka University Way. Hapo ndio pagumu kwa safari nzima. Magari yanakuja mengi na yana kasi, kwa hivyo usivuke peke yako, ngoja wanafunzi wa chuo kikuu, wanavuka hapo mchana kutwa kwa makundi, jiweke katikati yao. Baada ya hapo ni Harry Thuku Road na umefika. Na ukichoka njiani usijilazimishe babu, simamisha teksi mwambie Norfolk.

"Naweza kuja na watoto? Wa kwanza ana 12, wa pili 9, wa mwisho 4. Na tunavaa aje?" – Mama wa watatu, Kitengela

Njoo na wale wakubwa wawili. Huyo wa miaka minne, mama, angalia kwanza ni mchezo gani, manake shoo ya watoto atafurahia lakini mchezo wa watu wazima unaochukua saa mbili gizani atalia na wewe utatoka naye nje ukose mwisho, na waigizaji pia wanasikia kila kitu. Posta ya mchezo, lile tangazo la ukutani, huandika umri, na kama haijaandikwa piga ile namba iliyo kwa posta uulize, ni waandaaji wenyewe hushika. Michezo mingine lugha ni kali na mambo ni ya chumbani, usikisie.

Nguo vaa tu zako za kawaida zilizo safi. Hakuna sheria ya suti. Beba sweta. Chakula waleni kabla, na wa miaka 12 mwambie simu inazimwa kabisa, hata kuwekwa kimya haitoshi kwa sababu ile taa ya skrini gizani inawasumbua walio nyuma na hata walio jukwaani.

"Mimi ni mtu wa Limuru. Kila nikisikia mnasifu hiyo Nesheno Thieta nashindwa kuelewa. Si hapo ndipo watu wetu walifungiwa mlango? Ya taifa gani hiyo? Nipe sababu moja ya kukanyaga hapo." – Wa Kamiriithu, Limuru

Hili ndilo swali lililoninyima usingizi, na nitalijibu kwa urefu, wengine mnivumilie.

Ndugu yangu, yote unayosema ni kweli, na hata yako mengine kabla ya hayo. Hebu anza na barabara yenyewe. Machi 1922 serikali ya mkoloni ilimkamata Harry Thuku kwa sababu alikuwa anapinga kipande, ile pasi Waafrika walilazimishwa kubeba, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Watu wakamiminika nje ya kituo cha polisi alipokuwa amefungwa, hapo hapo karibu na Norfolk, wakikaa na kudai aachiliwe. Tarehe 16 wanaume walianza kusitasita, wengine wanataka kurudi nyumbani, ndio Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza mbele akawaambia kama wanaogopa wavue suruali wampe, wachukue nguo yake. Umati ukasonga, askari wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Waliokufa hesabu yao mpaka leo watu wanabishana, serikali ilisema 21 na wengine wakasema ni wengi zaidi ya hapo, na ilisimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwa veranda ya Norfolk nao walifyatua zao. Hii ndio barabara tunayoitembea na tiketi mkononi tukielekea kuona mchezo. Ukisimama kwa geti ya thieta ukatazama mbele, hiyo hoteli unayoiona ni ileile.

Thieta ikajengwa kando ya hiyo damu miaka 30 baadaye. Kenya Cultural Centre iliundwa kwa sheria 1951, ukumbi ukafunguliwa 1952, mwaka uleule ambao tarehe 20 Oktoba gavana alitangaza hali ya hatari. Kwa hivyo wakati watu wanakamatwa usiku Nairobi nzima na wengine wanaingia msituni, hapa taa za jukwaa ndio zinawashwa mara ya kwanza, na waliokuwa wanacheza na kutazama wengi wao ni wazungu, michezo ni ya kwao. Uhuru ukaja 1963 lakini jukwaa halikuwa huru siku hiyohiyo, lilichelewa sana.

Halafu 1976. Kenya ilikuwa inajitayarisha kwenda FESTAC, ile tamasha kubwa ya sanaa za watu weusi iliyofanyika Lagos mwaka uliofuata, na ikachagua michezo miwili, ule wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Ungedhani ukumbi wa taifa ungefunguliwa mlango wazi kwa michezo inayobeba bendera ya taifa. Badala yake maonyesho ya kigeni yalikuwa yameshika nafasi, na hii ya Wakenya ikapewa siku chache tu mwisho wa Oktoba, ikabanwa katikati kama mtu anayeomba radhi. Wakaanza tarehe 20 Oktoba, siku ambayo leo tunaiita Mashujaa Dei. Na watu wakajaa. Usiku huo wimbo wa mwisho ulipoanza watazamaji hawakubaki kwa viti, waliinuka wakajiunga na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza. Mimi huwa nafikiria sana hiyo picha. Jina la Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, linaimbwa na Waafrika kwa sauti yote nje ya mlango wa nyumba iliyofunguliwa mwaka uleule wa hali ya hatari, mbele ya Norfolk.

Sasa ya kwenu. Mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya chai na kiwanda cha viatu, walijijengea jukwaa lao la wazi na wakacheza Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, mchezo ambao Ngũgĩ alikuwa mmoja wa walioandika, kwa Kikuyu. Serikali ikaupiga marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Alipoachiliwa wakatayarisha mwingine, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, na safari hii wakaamua kuuleta Nairobi, Nesheno Thieta. Februari 1982 kundi likafika kwa mazoezi ya mwisho likakuta milango imefungwa na polisi wako nje. Hakuna barua, hakuna maelezo. Watu waliotoka Limuru na ngoma zao na vyakula vyao, wakasimama nje ya ukumbi wa nchi yao.

Lakini hawakurudi nyumbani. Hii sehemu watu wengi huisahau wakisimulia. Waligeuka tu hapo kando wakaingia chuo kikuu, Nairobi University, wakafanya mazoezi yao huko milango ikiwa wazi, na watu wakaja kutazama mazoezi, usiku baada ya usiku, maelfu, wengine wamekalia madirisha, mpaka hayo nayo yakasimamishwa. Machi mwaka huohuo polisi wakaenda Kamiriithu wakabomoa jukwaa lenu.

Kwa hivyo sikwambii usikasirike. Ukitaka sababu moja ya kukanyaga hapo, ni hii. Mei 2022, miaka 40 baada ya ule mlango kufungwa, Ngaahika Ndeenda ilichezwa ndani ya hiyo Nesheno Thieta. Ikachezwa kwa Kiingereza na ikachezwa kwa Kikuyu, Kikuyu kilekile kilichowatia watu kizuizini, na jina likiwa limebandikwa kwa posta pale nje barabarani bila mtu kuliogopa. Nilikuwa kwa foleni. Kulikuwa na wazee wamekuja na watoto wao, wengine wametoka mbali, na mama mmoja mbele yangu alikuwa ameshika ile tiketi kwa mikono miwili vile mtu hushika kitambulisho akienda kupiga kura. Ukumbi wenyewe ulikarabatiwa ukafunguliwa tena 2015, viti vipya, taa mpya, lakini kwangu mimi hiyo Mei ndio siku ulifunguliwa. Njoo uone mwenyewe ndugu yangu, na ukija lete wale wazee wenye hasira bado, nafasi ya kukaa hapo wamelipia zamani sana.

"Shoo ikiisha usiku narudi aje Rongai? Bwanangu anasema tauni usiku hapana." – Mke wa mtu, Rongai

Dada, kama mnaogopa usiku kateni tiketi ya mchana. Shoo nyingi huwa wikendi na mara nyingi kuna ya alasiri na ya jioni, ya alasiri inaisha kungali na mwanga na ni mchezo uleule.

Mkipenda ya jioni basi pangeni kurudi kabla hamjatoka nyumbani. Msitoke mkaanza kusimama barabarani na simu mkononi mkitafuta teksi, iteni mkiwa bado ndani ya geti, ngojeni na watu wengine hapo kwa ngazi, gari likifika ndio mnatoka. Kama ni matatu, za Rongai ziko upande wa Railways, kwa hivyo mna mji mzima wa kuvuka, usiku msivuke kwa mguu mkiwa wawili tu, chukueni teksi fupi mpaka stejini kisha mpande matatu, inasaidia mfuko kuliko teksi ya mpaka Rongai. Wa Thika Road nyinyi steji zenu ziko Ngara, ni karibu, lakini ile njia ya Globe usiku msiipite kwa mguu hata kama mko wengi. Na kila mtu ajue nauli usiku na wakati wa mvua hupanda, beba ya ziada, usitoke na hesabu ya asubuhi.

Mwambie bwanako pia mlangoni huwa tunaagana kama watu wa harusi. Watu wa Kasarani wanaitana, wa Kikuyu wanaitana, hata mkiwa hamjuani mkishaona mchezo pamoja mtu hukwambia twende.

"Nilifuata ushauri wako nikaenda, nikachelewa dakika 20, nikaambiwa ningoje nje mpaka mapumziko. Nilikasirika, nimelipa pesa zangu." – Msomaji, Umoja

Pole, najua inauma. Lakini sitakutetea. Huu mchezo ni watu wako mbele yako wanapumua, mlango ukifunguka taa ya nje inaingia, watu wanainuka kukupisha, na yule mtu alikuwa analia kwa jukwaa lazima aendelee kulia huku safu nzima inakutazama wewe. Wakati mwingine toka Umoja ukihesabu kwamba Jogoo Road itakukalia, lenga kufika saa nzima mapema. Ukifika mapema hutakosa la kufanya, chuo kikuu kiko hapo, Jeevanjee iko hapo, na ukitoka nyumbani asubuhi unaweza anzia makumbusho ya taifa kule Museum Hill halafu upande na Harry Thuku Road jioni. Ama kaa tu kwa ngazi za thieta utazame watu wakiingia. Utaona waigizaji wengine wanawasili na mifuko ya nguo begani, kama mtu yeyote anayetoka job, na dakika arobaini baadaye ni mfalme.

"Mimi kusema ukweli sioni maana. Nina simu, nina bando, waigizaji wote wako YouTube. Nitoke Kayole nilipe nauli na tiketi ya nini?" – Asiyeshawishika, Kayole

Sitakubishia kuhusu bei, wewe ndio unajua mfuko wako. Tafuta shoo za wanafunzi na makundi machanga kwa Ukumbi Mdogo, uko hapo hapo kwa kiwanja kimoja na ule mkubwa, huwa hazina mbwembwe na unakaa karibu sana na waigizaji. Ama ngoja zile za setibuku, vitabu vya fasihi vya mtihani, watoto wa sekondari wakiletwa na mabasi ya shule, kelele zake huwezi sahau. Na ukilipa tumia ile namba iliyo kwa posta ya waandaaji wenyewe, si ya mtu amekutumia kwa inboksi anasema ana tiketi za bei nafuu.

Lakini la maana nitakwambia kitu niliona mwenyewe. Kulikuwa na mchezo, mama yuko nyumbani peke yake usiku, kuna mtu anagonga. Sisi watazamaji tunajua ni nani anagonga, yeye hajui. Akaweka sufuria chini, polepole, unasikia ile sauti ya bati likigusa mbao, akaenda mpaka kwa mlango akaweka mkono kwa komeo. Na nyuma yangu nyanya mmoja, mtu mzima, kilemba kichwani, akasema kwa sauti ya chini kama anaongea na mtoto wake jikoni, "Usimfungulie, mama." Hakupiga kelele. Lakini ukumbi ulikuwa kimya na yule mwigizaji akasikia. Niliuona mkono wake. Ulisimama kwa komeo, ukakaa hapo kuliko ilivyoandikwa, najua kwa sababu niliurudia huo mchezo siku iliyofuata na hakukaa hivyo. Akageuza kichwa kidogo tu, si kututazama sisi, ni kama amesikia kitu ndani ya nyumba yake. Hakuna mtu alikohoa. Yule nyanya alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma, nilihisi vidole vyake mgongoni.

Halafu akafungua.